Usitazame Maji

Mama mkwe wangu alipozikwa, pale Tunduma, mchungaji aliomba mkwe mmoja asimame aseme machache. Wakwe wenzangu wakanisukuma mimi kwa kuwa ndimi mkongwe wao. Nikasimama mbele ya watu, nikafungua mdomo, nikaufunga, nikaketi. Watu wakasema huzuni imemzidi mzee. Wengine, wale wanaojua mila, wakasema mzee bado anamheshimu marehemu, hata leo hawezi kulitaja jina lake hadharani. Wote walikosea. Nilikuwa na jambo la kusema, ila halikuwa la dakika tano, wala halikuwa la kusemwa huku vijana wawili nyuma yangu wakinong'onezana gari la nani limepita vizuri zaidi kwenye tope la njia ya Chitete. Tope gani wanalijua hao? Wanabonyeza kitufe, gari linavuta kwa magurudumu yote manne, wao wanasikiliza muziki. Nilikasirika msibani, jambo ambalo si zuri kwa mtu wa umri wangu, na hasira hiyo ndiyo iliyonitafutia kalamu nilipofika nyumbani. Haya ndiyo niliyoshindwa kuyasema.

Ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado ndiye bwana, na mimi nilikuwa kijana wa Kinyiha niliyefanya kazi katika shamba la kahawa la mzungu, juu Mbozi. Nilikuwa nimemwoa Neli, Mnamwanga wa ng'ambo ya mto Momba. Alipopata mimba ya kwanza alirudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyokuwa desturi. Uchungu ulimshika, ukakaa, mtoto hatoki. Wakambeba kwa machela wamlete hospitali ya misheni upande wetu. Walipofika mtoni wakakuta mto umejaa. Wazee wakasema, tungoje upungue. Wakangoja. Mtoto wetu alizaliwa pale ukingoni juu ya majani, ameshakufa, na Neli mwenyewe alipona kwa kudra za Mungu tu. Mimi nilipata habari mtoto akiwa ameshazikwa. Watu walinipa pole nyingi, wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa, lakini moyoni nilikuwa na ugomvi na mto. Ndiyo maana, niliposikia kwamba wale wazungu wanaopiga vita nzige wekundu kule bondeni wanafundisha madereva wa Landrova, gari linalopita majini, niliacha kahawa ikiwa mbichi mitini nikateremka. Sikuwa napenda magari. Neli alikuwa mjamzito tena, mama yake ameshamchukua kwa kuwa mimba ile ya kwanza haikuleta mtoto na hii ikahesabiwa ndiyo ya kwanza, na mtoto huyu alikuwa anazaliwa masika, wakati Momba imejaa.

Kambi yetu ilikuwa upande huu wa Momba, mahali ambapo mlima unakwisha na nyika inaanza kuelekea Rukwa. Madereva na wanaojifunza tulilala katika banda moja la bati lenye kuta za matete. Nusu ya banda ilikuwa vitanda vya kamba, nusu nyingine ilikuwa magunia ya pumba zilizochanganywa na sumu ya nzige, na harufu ya sumu ile iliingia katika blanketi, katika nywele, mpaka katika ugali. Tulikula ugali wa ulezi na kambare wakavu, mchana na jioni. Ulezi ule mweusi mimi wa milimani sikuuzoea upesi, na mwalimu wetu hakuacha kunitania. "Mnyiha, kula! Ugali wa mahindi umeuacha kwa mama yako." Jina lake Siwale. Alikuwa dereva wa jeshi katika vita vya Hitler, akarudi na koti la kijeshi na sikio moja lisilosikia. Kwa sababu ya sikio hilo alisema kwa sauti kubwa daima, na siri zake zote kambi nzima ilizijua. Mzungu wetu tulimwita Bwana Nzige. Alikula peke yake hemani, alinyoa ndevu kila asubuhi hata maji yakiwa ya tope, na hakumpigia mtu kelele. Tulimwogopa zaidi kwa hilo.

Siwale hakuniruhusu kuwasha injini mpaka nilipojua kutembea. Nasema kutembea, kwa miguu. Kila penye tope, mchanga au jiwe, uliteremka kwanza, ukapita kwa miguu, ukarudi, ndipo ukaendesha. Ulishika usukani dole gumba likiwa nje, kwa sababu gurudumu likigonga jiwe usukani unarudi wenyewe na kukuvunja kidole. Ulivuta kirungu chekundu kuingiza gia ya nguvu ukiwa bado nchi kavu, na ukishaingia majini hukubadili gia wala kugusa klachi, ulikwenda mwendo mmoja mpaka ng'ambo. Maji yakiwa mengi tulivua mkanda wa feni, ili feni isirushe maji kwenye plagi, na tulifunga turubai mbele ya gari ligawanye mkondo. Hayo yote niliyashika, maana nilikuwa mwanafunzi mwenye shida yake. Lililonishinda ni macho. Penye mto, Siwale alitutangulia kwa miguu na fimbo, akapapasa chini, kisha akageuka na kutuita kwa mikono, kushoto, kulia, njoo. Dereva alitakiwa amtazame usoni, asimwondolee macho. "Usitazame maji," alisema. "Maji yanakimbia. Ukiyatazama utaona gari ndilo linalokimbia, utageuza usukani kulizuia, na shimo linakungoja. Nitazame mimi. Mimi sikimbii."

Ni maneno mepesi, mtoto angeyaelewa. Lakini siku aliponijaribu katika mto mdogo unaoingia Momba, nilimtazama hatua chache, kisha nikayatazama maji. Naapa niliona gari linasukumwa pembeni. Niligeuza usukani, gurudumu la mbele likazama, injini ikapiga chafya, kimya. Tulilitoa kwa kamba, kambi nzima, mpaka mikono ikachubuka. Bwana Nzige alikaa juu ya pipa akitazama kazi yote, na tulipomaliza aliniambia kwa Kiswahili chake cha pole pole, "Mara moja, sawa. Mara ya pili, nyumbani." Sikula jioni ile. Siwale aliniletea kambare wangu, akamla yeye, akasema, "Gari halikukosea. Macho yako ndiyo yamekosea." Nililia nikiwa nimewapa mgongo wenzangu. Hofu yangu haikuwa kazi. Nilimwona Neli juu ya machela, na mimi ng'ambo ya pili sina gari.

Sasa sharti niseme juu ya mama mkwe, kwa sababu wajukuu wangu wanaosoma haya wanawakumbatia wakwe zao na kupiga nao picha. Sisi haikuwa hivyo. Mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawakutazamana usoni, hawakusemezana, hawakula pamoja, hawakukutana njiani bila mmoja kuingia porini. Kwa Wanyiha ilikuwa adabu, kwa Wanamwanga ilikuwa adabu na nusu. Nilipokwenda kumwona Neli, nilikohoa nikiwa mbali, na mama mkwe alisikia kikohozi changu akazunguka nyuma ya nyumba. Nilikaa ndani nimeupa mgongo mlango wa jikoni. Chakula alileta Neli. Tangu siku ya posa nilikuwa nimeona miguu ya mama yule, na ncha ya kaniki yake ikipita kona, na siku moja mkono ukichukua sufuria. Shingo ilijifunza yenyewe kuinama. Nilikuwa nikisikia hatua tu, kidevu kinagusa kifua kabla sijafikiri.

Mara ya mwisho nilipowatembelea kabla ya mvua kubwa, nilikuwa nakula kisamvu na maharage, Neli ameketi kwa shida ukutani, miguu imemvimba. Mama yake alikuwa upande wa pili wa matete, akichochea moto. Akasema, kwa sauti ya kusikika, "Neli, yule bwana anajua kuvuka mto, au anajua kupanda gari tu?" Nami nikamjibu Neli, kwa kuwa ndiyo njia yetu ya kusema, "Mwambie mama najifunza." Kuni zikapasuka. "Mwambie mimba haimngojei mtu ajifunze." Neli alicheka, akaficha uso. Mimi sikucheka. Nilirudisha tonge sahanini, kwa sababu mama yule ndiye aliyekuwa ukingoni mwaka ule mwingine, ndiye aliyempokea mjukuu wake aliyekufa kwa mikono yake miwili, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Habari zilinifikia kambini asubuhi, kwa wanawake waliovuka kuja kuuza samaki. Wakasema Neli ana uchungu tangu jana na mtoto hajashuka. Nilimkimbilia Siwale. Alinisikiliza kwa sikio lake zima, akaweka chini spana, akaenda hemani kwa Bwana Nzige. Nami nikasimama nyuma ya turubai, najua si heshima, lakini kwa sauti ya Siwale ningesikia hata nikiwa Tunduma.

"Bwana, pumba za vijiji vya ng'ambo bado hazijapelekwa."

"Utapeleka wewe."

"Mimi nasubiriwa Kamsamba. Apeleke Mnyiha. Akirudi atampitisha mke wake hospitali."

"Gari hii ni ya nzige. Si ya wazazi."

"Ndiyo, Bwana. Kwenda ni ya nzige. Kurudi ni tupu."

Kikombe kiligonga kisahani. Bwana Nzige akauliza, "Na akizamisha?" Siwale akajibu, "Utatufukuza wawili, Bwana. Mimi ndiye niliyemfundisha." Nikasikia kiti kikisogezwa, nikakimbilia gari nikajifanya napangusa kioo. Siwale alipofika hakunipa mkono, hakuniombea heri. Alinipiga konzi moja ya kisogoni, akasema, "Macho."

Kwenda nilivuka peke yangu bila shida, maji yakiwa chini ya ekseli na alama za magurudumu ya zamani zikionekana chini. Mvua ilikuwa bado, lakini upande wa mpakani, kule mto unakotoka, mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu. Nilishusha magunia, nikasugua nyuma ya gari kwa mchanga na maji kutoa sumu, nikatandika majani na blanketi. Neli aliletwa akiwa ameshikiliwa huku na huku. Hakunisalimu. Midomo yake ilikuwa imekauka, na macho yalinitazama kama ya mtu anayenitafuta jina. Mama yake akapanda nyuma pamoja naye, amejifunika kaniki kichwani, ameupa mgongo mgongo wangu. Mashemeji wote walikuwa Kopabeti, kwenye machimbo ya shaba ya ng'ambo ya mpaka. Walioandamana nasi mpaka mtoni ni wazee tu.

Na mto nilioukuta haukuwa ule nilioupita. Ulikuwa mwekundu, mpana, umebeba matawi, unasema. Alama zangu zimefutika. Nikateremka nikaingia mpaka magotini, fimbo ikakosa chini hatua moja tu kutoka ukingoni, nikarudi. Wazee wakatazamana. Mmoja wao akatoa ugoro wake, akanusa, akasema, "Tungoje upungue." Nyuma ya gari Neli akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa binadamu. Nilisimama pale, maji yakinichuruzika suruali, nikaona kwamba sina mtu wa kunitangulia. Niende mimi na fimbo, nani aendeshe? Niendeshe, nani atapapasa?

Mama mkwe aliteremka. Aliifunga kaniki yake kifuani vizuri, akamnyang'anya mzee wa ugoro fimbo yake, akaingia mtoni bila kuuliza mtu. Kiangazi chote wanawake wa kijiji kile walivua samaki pale kwa vikapu, naye alijua jiwe liko wapi na shimo liko wapi. Alipanda kwanza kinyume cha maji, akapapasa, akasonga. Maji yakafika kiunoni, yakasimama hapo. Nikaelewa. Nilivua mkanda wa feni, nikafunga turubai, nikavuta kirungu chekundu, nikaingia.

Nusu ya kwanza alinipa mgongo, na mgongo niliweza kuufuata. Katikati, njia ilikata ghafla kulia kukwepa shimo, na ili anionyeshe ilibidi ageuke. Akageuka. Nami nikainamisha macho.

Sikuamua. Shingo ile iliyofundishwa tangu posa iliinama yenyewe, na macho yakaanguka juu ya maji. Maji yalikuwa yanakimbia. Nikaona gari linakwenda kulia, nikageuza kushoto kulizuia, na gurudumu la mbele likatumbukia. Gari likalala upande. Maji yakaingia mlangoni yakafunika pedali, yakafika kwenye kiti. Neli alipiga kelele, akiteleza na majani yake kuelekea upande ule wa chini. Injini ilianza kukohoa, na mimi, Mungu anajua, nilikuwa bado nimeinamisha kichwa kwa adabu, nakufa maji kwa adabu.

"Nitazame!"

Sikujua ni sauti ya nani. Nilikuwa nimezoea kuisikia ukutani.

"Baba, nitazame! Nitazame usoni! Mto huu umeshakula mjukuu wangu mmoja!"

Nikainua macho. Alikuwa ameitupa kaniki ya kichwani, imeshachukuliwa na mto. Nilikuwa nimemfikiria mzee. Hakuwa mzee. Alikuwa Neli mwenyewe aliyeongezewa miaka, mashavu yale yale, pengo la jino moja juu, na macho yaliyojaa hofu na hasira, yananishika kama mikono miwili. Mguu wangu haukutoka kwenye pedali ya mafuta, Siwale alishanipiga sana kwa hilo. Mama akaonyesha kulia, nikazungusha kulia. Gurudumu lililozama likasaga jiwe, likateleza, likasaga tena, na la nyuma likasukuma. Gari likainuka. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, mikono inaita, mdomo unasema maneno ambayo sikuyasikia kwa mngurumo, na mimi sikupepesa. Sikuona mto tena. Sikuona ukingo. Niliona uso ule tu, mpaka pua ya gari ilipoelekea juu na mchanga mkavu ukalia chini ya tairi.

Alipotoka majini alivua kitambaa kiunoni, akajifunika kichwa, akazunguka kwa nyuma ya gari, mbali na mlango wangu, akapanda kwa binti yake. Nilirudisha mkanda wa feni. Tukapanda mlima kuelekea Mbozi, Neli akiugua njia nzima.

Yaliyofuata baadaye niyaseme hapa, ili nimalizie ninapotaka kumalizia. Bwana Nzige aliona mlango uliobonyea, akaniuliza nzige wa ng'ambo wanaendeleaje, basi. Siwale alinitangaza kambi nzima kwa sauti yake ile kuwa mwanafunzi wake. Wazee walioshuhudia ukingoni walipeleka shauri mbele, kwamba mkwe na mama mkwe wametazamana mchana kweupe na kusemezana, na nikatakiwa kutoa jembe na kuku wa kuondoa aibu. Nikatoa. Mama mkwe naye aliulizwa kama ni kweli alimsemesha mkwe wake. Neli alinisimulia jibu lake. "Mimi? Nilikuwa nasema na gari." Nimeendesha magari kwa karibu miaka arobaini baada ya hapo, na sijapata kumwona mtu mwingine aliyejua kulisemesha.

Sasa hospitali. Walimpokea Neli kwa kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa. Palikuwa na baraza ndefu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na benchi moja. Mimi nilikaa ncha hii, nimegeukia bustani. Mama mkwe alikaa chini, mwisho kabisa wa baraza, amegeukia ukuta. Tulikuwa tumelowa wote wawili, na maji yetu yalichirizika juu ya saruji, ya kwake na ya kwangu. Mpishi wa misheni alituletea uji vikombe viwili, akaona tulivyokaa, akafikiri tumegombana. Hakuna aliyekunywa. Nilikuwa nasikiliza mlango kwa mwili mzima. Niliwaza mtoto amekaa mno, niliwaza maji yaliyomwingia Neli pale gari lilipolala, niliwaza ile kushoto yangu. Nyuma yangu mama yule alianza kuomba kwa Kinamwanga, pole pole, na hakuna nilichokuwa nacho cha kumwambia, wala cha kumtumia mtu amwambie, kwa kuwa aliyekuwa akitubebea maneno ndiye aliyekuwa ndani.

Kivuli cha nguzo kilikuwa kimefika kwenye miguu yangu mtoto alipolia. Kilio kibaya, cha hasira, cha mtu aliyeamshwa. Niligeuka. Mama mkwe naye alikuwa ameshageuka, kitambaa kimemwangukia mabegani, mkono juu ya mdomo. Mtoni nilimtazama kwa sababu aliniamuru. Pale hakuna aliyeniamuru, naye hakuamriwa, na tulitazamana hivyo, tukilia wote wawili, mpaka mlango ulipofunguliwa.